Siku Niliyomtelezea Mama Mkwe Wangu

Jamani, nikisema nitalisimulia jambo hili bila aibu nitakuwa naongopa, maana mpaka leo nikipita sokoni hapa Kasongo nikasikia watu wawili wanacheka nyuma yangu, hata kama wanacheka mambo yao ya nyumbani, mimi nainama najifanya natafuta msumari ulioanguka. Na huko Kabambare ambako lilitokea, watoto wamelifanya mchezo: mmoja anakuwa mimi, mmoja anakuwa mama mkwe wangu, waliobaki wanapiga yowe. Lakini mmeniuliza, na katika habari hii yupo mtu mmoja mdogo ambaye namvulia kofia kila siku, basi kwa ajili yake acheni nijivue nguo kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi, kama mjuavyo, ni fundi baiskeli. Baiskeli ikija imepinda ringi, imekatika mnyororo, imegongwa na pikipiki, mimi naitengeneza, na kwa sababu hiyo nimejijengea kiburi kwamba hakuna kitu chenye kwenda mbele ambacho mimi sikielewi. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza. Huyo mtu mdogo niliyemtaja anaitwa Sifa, mtoto wa Anifa, mdogo wa mke wangu Zaina. Anifa alikwenda Kanada Sifa akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akatuachia, na tangu hapo mimi ndiye Papa, Zaina ndiye Mama Mukubwa, na mama mwenyewe ni sauti ndani ya simu. Mwaka huu karatasi za mtoto zikatoka. Sifa hajang'oka hata jino la kwanza, na anatakiwa kupanda ndege kwenda kwa mama asiyemkumbuka.

Anifa akapiga simu. "Shemeji," akaniambia, "huku watoto wote wa shule wanapelekwa mu neje, wanafungwa mbao kwa miguu, wanateleza toka juu mpaka chini. Sifa atafika wakati baridi iko inaanza. Sitaki wamucheke. Munitayarishie ye kidogo." (Neje ndiyo theluji, ule weupe tunaouona kwenye picha, ambao ukiuliza Kasongo nzima nani amewahi kuugusa utajibiwa na kuku tu.) Akanieleza vizuri kabisa: mtoto azoee kutembea na viatu vizito, azoee kukunja magoti, na zaidi ya yote ajue kuanguka ubavu na kuinuka peke yake bila kuvutwa mkono. "Lakini kuteleza kwenyewe muachie walimu wa huku," akamaliza. Mimi nilisikia maneno yote isipokuwa hayo ya mwisho.

Tukaanza kazi. Nilimtafutia botini za mpira, zikawa kubwa, nikazijaza matambara, na Sifa akawa anakwenda nazo kisimani, anakwenda nazo kwa jirani kuomba moto, anakwenda nazo chooni, anaburuta miguu kama askari aliyetoka vitani, na hakuna siku aliyosema amechoka. Kwa magoti, nilimwambia ajifanye anakaa kwenye kile kigoda cha kumenyea muhogo, halafu nakiondoa kigoda, yeye anabaki vilevile hewani, mikono mbele, anatazama mbele, ananiuliza, "Papa, nikae mpaka saa ngapi?" Mimi nilijaribu mara moja kumwonyesha mfano na magoti yangu yakalia mpaka Zaina akatoka jikoni kuuliza nimevunja nini.

Na kuanguka! Nilirundika majani makavu ya mpunga nyuma ya nyumba, anapanda juu, anajitupa ubavu, puu, anageuka, anaweka mikono chini, anainuka, anajipangusa. Mara ya kwanza nilikimbia kumshika mkono, akaurudisha mkono wangu. "Hapana, Papa. Mama alisema peke yangu." Nikasimama pale kama mgeni kwangu mwenyewe. Mtoto mdogo hivi, na mama aliyemwagiza yuko mbali kiasi ambacho sisi wakubwa hatuwezi hata kukifikiria, lakini agizo analishika barabara. Siwafichi, moyo wangu ulijaa.

Anifa alituma pia picha za kutembea, yaani video, za watoto wa huko wakiteleza. Sifa alizitazama kwenye simu mpaka moto wa simu ukaisha, tukachaji, akazitazama tena. Mimi niliziona mara moja tu, na hiyo mara moja nilikuwa nawaeleza majirani wanachokiona.

Sasa hapo ndipo kichwa changu cha fundi kilipoanza kuwasha. Mtoto anafundishwa kila kitu isipokuwa chenyewe? Nikapasua mianzi, nikaikausha, nikaikunja ncha za mbele kwa moto zikasimama juu kama pua ya mtumbwi, nikaifunga kwenye botini kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ule tunaofungia mizigo. Jozi ndogo ya Sifa. Na jozi kubwa ya (nitamwitaje?) mwalimu.

Wakati huo huo habari zikafika Kabambare kwa mama mkwe wangu, mama yao Zaina na Anifa, ambaye Sifa humwita Koko. Nani alizifikisha sijui, wenye pikipiki hao hawana siri. Akatuma neno: "Nimesikia kule wanafunga watoto miti kwa miguu na kuwatupa mu mlima. Mutoto haendi fasi yoyote mpaka nimuone." Kwetu mtoto hasafiri mbali bila nyanya yake kumpulizia maji kifuani na kumtamkia mema, na Koko akikataa, hata ndege ije kutua uwanjani kwetu, Sifa habanduki hapa. Anifa kusikia hivyo akalia kwenye simu mpaka Zaina naye akaanza. Kwa hiyo safari ya Kabambare haikuwa ya kuagana tu, ilikuwa ya kuomba ruhusa.

Na kabla ya kuondoka nikafanya kosa langu dogo, dogo kabisa, kosa la dakika moja: nilizichukua zile jozi mbili za mianzi nikazifunga ubavuni mwa pikipiki niliyoazimwa. Zaina akaniuliza za nini. Nikamwambia, "Mama akiona kwa macho, ataamini." Njia nzima, matope mpaka magotini, Sifa katikati yetu na kofia ya pikipiki iliyommeza mpaka mabegani, kila kijiji wanatuuliza, "Munaenda kutega samaki wa wapi?" na mimi nawajibu kwa sauti ya mtu wa maana kwamba haya ni mambo ya ng'ambo.

Niwaeleze kidogo kuhusu mimi na mama mkwe, wengine hapa vijana wa siku hizi mnaona kama utani. Tangu nimuoe Zaina sijawahi kumshika mkono mama yake. Hatuli mahali pamoja, hatutazamani usoni, na hatuambiani neno ana kwa ana. Nikifika uani nakohoa kutoka mbali ili apate nafasi ya kuingia jikoni, tukikutana njiani mimi naingia majanini na yeye anavuta kitenge anafunika uso, na akiwa na la kuniambia anamwambia Zaina, hata kama nimekaa hapo karibu nasikia kila kitu. Si chuki. Ni heshima, tena heshima kubwa, na mimi nilikuwa najisifu kwamba hakuna mkwe anayeishika kama mimi.

Tulifika, nikakohoa, akaingia jikoni, nikakalishwa nyuma ya nyumba na chakula changu. Kesho yake asubuhi mvua ikanyesha ikaacha, na mimi nikiwa palepale nyuma nikamsikia anazungumza na Zaina, sauti ya chini, haikuwa ya ugomvi.

"Anifa alienda, nikasema sawa. Sasa na mutoto wake. Akianguka kule, nani atamuinua? Unijibu, Zaina. Nani?"

Halafu nikasikia mama mkwe anamwita mtoto. "Sifa, kuya hapa. Unaogopa kwenda?"

"Naogopa, Koko," Sifa akasema. "Lakini najua kuanguka."

Wandugu, kama ningekuwa na akili ningeliacha jibu hilo lifanye kazi yake. Mtoto alikuwa amekwisha kumaliza kesi. Lakini mimi nikaona huu ndio wakati wangu, nikainuka, nikazunguka nyumba kwa upande wa mbali, nikamwita Zaina kwa kidole nikamwambia amwambie mama atoke jikoni asimame uani atazame, mkwe wake atamwonyesha kwamba jambo lenyewe si hatari hata kidogo.

"Papa Amisi," Zaina akaniambia (Amisi ni kijana wetu wa kwanza), "Anifa alisema kuteleza tuachie walimu."

"Na mimi ni nani?" nikamuuliza.

Nyumba ya mama mkwe iko chini ya barabara, na njia ya kushukia uani ni mteremko wa udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hata mbuzi wanaupita kando. Nikapanda juu na Sifa, nikamfunga mianzi yake, nikamwambia, "Wewe ungoje hapa, utazame Papa anavyofanya." Nikajifunga ya kwangu. Nilikuwa nimevaa suruali yangu nzuri ya safari, ile ya kijivu yenye mkunjo, kwa sababu mtu haendi kwa wakwe na suruali ya kazi. Majirani wakaanza kukusanyika, na mimi, badala ya kuona hatari, nikaona wasikilizaji. Ndipo nikafanya kile anachofanya fundi baiskeli kwa kila kitu duniani: nilipaka mafuta. Nilichukua mawese, nikayapaka chini ya mianzi yote miwili, nikayasugua vizuri kama ninavyofanya kwa mnyororo. Kwenye udongo wa Kabambare! Baada ya mvua! Mzee mmoja pale chini akapaza sauti, "Wee mukwe, na breki iko wapi?" Nikacheka. Nikamwonyesha ufito nilioushika mkononi.

Sijui kama nilianza mwenyewe au mlima ndio ulioanza. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimefungua mdomo kusema "tazameni", na neno hilo halijaisha mpaka leo. Ufito ulivunjika palepale. Miguu ikatangulia, mwili ukabaki nyuma, nikawa nimeegemea hewa kama mtu anayenyolewa ndevu, upepo unanipiga masikioni, na magoti, hayo magoti niliyomhubiria mtoto wa watu kila siku, yamenyooka kama miti ya simu. Nikapiga kelele, "Pisha! Pisha!" Majirani wakatawanyika, kuku wakatawanyika, na mbele yangu uani akabaki mtu mmoja, mama mkwe wangu, kando ya beseni lake kubwa la muhogo aliouloweka.

Mtu mwingine yeyote angetazama nilikotoka akaruka. Lakini yeye alisikia mkwe anakuja, na akafanya kile alichokifanya tangu nioe: akavuta kitenge akajifunika uso, akageuza kichwa, akapiga hatua upande kunipisha. Na mimi ningeweza kutazama nikapinda upande wa pili, nafasi ilikuwepo, watu wote wananiambia ilikuwepo. Lakini nilipoona ni yeye, nilifunga macho. Haki ya Mungu, nikiwa katika mwendo ule nilikumbuka adabu, nikafunga macho. Mimi macho nimefunga kwa heshima, yeye uso amefunika kwa heshima, na heshima zetu mbili zikakutana katikati ya uwanja.

Nilipofungua macho nilikuwa nimelala chali, suruali imepasuka kutoka mkunjo hadi mkunjo, muhogo umejaa masikioni, na kichwa changu kiko juu ya mapaja ya mama mkwe, ambaye amekaa chini matopeni, kitenge chake kimoja kiko kwake na kingine kimenizunguka mimi shingoni. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha, hakuna hata mmoja aliyecheka. Yule mzee akashika kichwa: "Aiii! Amegusa mukwe!" Zaina akaziba uso kwa mikono. Nikajua nimeiua safari ya mtoto. Nikamwona Anifa kule aliko, nikaona chumba alichotuambia amekitayarisha, na nikatamani ule mlima uniongezee mwendo nipite uani nitokee mtoni.

Na katika kutazama sisi, watu wote walimsahau Sifa.

Hakusubiri kuitwa. Nilimwona kutoka pale nilipolala chali, machoni mwangu kichwa chini miguu juu: amekunja magoti, mikono mbele, anatazama mbele, na ncha za mianzi yake amezisogeza pamoja na visigino vimeachana, kama walivyofanya wale watoto kwenye simu, jambo ambalo mimi sikumfundisha kwa sababu sikuwahi kuliona. Mianzi yake haikuwa na mafuta. Anashuka polepole, kwa makini, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo kama anapochora herufi. Mtu akapiga yowe, maana alikuwa anakuja moja kwa moja tulipo, na sisi wakubwa wawili tumezagaa njiani kama mzigo ulioanguka. Sifa akatuona. Hakulia, hakuita mtu. Akajitupa ubavu, puu, kwenye matope, mbali nasi kiasi cha mkeka mmoja.

Zaina akakimbia kumwinua. Sauti ikasema, "Acha!" Ilikuwa sauti ya mama mkwe.

Zaina akasimama. Uwanja mzima ukasimama. Sifa akalala kidogo, akageuka, akaipanga mianzi yake vizuri, akaweka mikono chini, akasukuma, akateleza, akasukuma tena, akainuka. Akajipangusa mikono kwenye gauni. Halafu akatembea kwa zile botini zake mpaka nilipo, akaninamia, na akaniambia kwa huruma kabisa:

"Papa, ulisahau kuanguka."

Mama mkwe ndiye aliyeanza. Kwanza nilidhani analia, maana mapaja yalikuwa yanatikisika chini ya kichwa changu. Akacheka mpaka akakosa pumzi, na alipocheka yeye, ruhusa ikawa imetolewa, Kabambare yote ikacheka, nafikiri mpaka wale waliokuwa shambani. Alipojifuta machozi aliniita. Mimi! Bila kupitia kwa Zaina.

"Mukwe."

Nikayafunga macho tena.

"Mukwe, toka juu ya miguu yangu."

Nikatoka. Nikajifunika na kile kitenge chake kwa sababu suruali haikuwa tena suruali. Yeye akainuka mwenyewe, akakataa mkono wa kila mtu (nikaona Sifa amemrithi nani), akaomba maji. Akamsimamisha mtoto mbele yake, akampangusa matope usoni, akamtazama kwa muda mrefu. "Nilikuwa nauliza nani atamuinua," akamwambia Zaina. "Iko anajiinua mwenyewe. Mwambie Anifa nimekubali." Akanigeukia mimi. "Lakini kama njo wewe ulikuwa unaenda, ningekatala." Akachukua maji mdomoni, akayapuliza kifuani mwa Sifa, akamtamkia majina ya bibi zake wote, na sauti ikamkatika mwishoni, akarudia. Hapo hakuna aliyecheka. Mimi nililia, na nisiseme ni muhogo ulioniingia machoni.

Nilitoa kuku, kama desturi inavyomtaka aliyemgusa mama mkwe. Akampokea, akasema apikiwe Sifa. Siku ile ile jioni nilikohoa kutoka mbali kama kawaida, na yeye akatoka mlangoni akaniambia niache kusumbua koo langu, watu waliokwisha kukumbatiana mbele ya mji mzima wanafichana nini tena. Lakini mimi bado naona haya, bado naingia majanini.

Sifa alikwenda. Sitawaambia habari za siku ile. Nitawaambia ya juzi, maana Anifa alipiga simu: walipelekwa mlimani, watoto wengi walilia walipoanguka, na mwanangu akawa anapita kwa mmoja mmoja akiwaonyesha mahali pa kuweka mikono, Kifaransa chenyewe bado hakitoki vizuri. Mwalimu wao akamuuliza Anifa huyu alijifunzia wapi. Anifa akasema Kabambare. Mwalimu akauliza kama huko theluji ni nyingi.

Halafu Sifa akapewa simu. Akanieleza kwamba kuna mlima mwingine mkubwa zaidi, wenye viti vinavyopanda vyenyewe, na kwamba mbao za watu wakubwa zipo, mbao nyingi, za ukubwa wangu kabisa. "Papa, utakuja?"

Nimeapa mbele ya mke wangu na mbele ya vyombo vyangu vya kazi kwamba kitu kisicho na breki sitakipanda tena maisha yangu yote.

"Nitakuja, mama," nikamwambia. "Wewe upande juu. Mimi nitasimama chini, nikungojee."